Kamatanda: tope la kabine likisafishwa, liende wapi?

LIKASI – Watu wa Kamatanda wanajua kuchimba. Kwa miaka mingi, hapo pembeni ya muji wa Likasi, katika jimbo la Haut-Katanga, wachimbaji wa mikono wanashuka chini ya udongo kutafuta mawe ya shaba na kobalti. Lakini kuna shimo lingine lenye halina mununuzi mwenye kusubiri na mizani yake: shimo la kabine. Likijaa, mwenye parseli analifunika na kuchimba lingine. Parseli ikikosa nafasi, anatafuta vijana wa kulitoa kwa ndoo na kamba. Kazi hiyo inafanywa mara nyingi usiku, watu wasione, na tope linamwagwa pale penye giza linaruhusu: katika shimo la zamani, katika mufereji, ao kando ya maji. Ndivyo inavyokuwa katika kartie nyingi za miji ya Congo zenye hazina mabomba ya maji machafu.

Tope hilo halipotei. Mvua za kwanza zikipiga, linashuka pamoja na maji mpaka kwenye visima na katika bustani za mboga. Kolera, ugonjwa wenye Haut-Katanga inaujua vizuri, inapitia njia hiyohiyo.

Katika miji mingine ya Afrika ya Mashariki, watu wameanza kuliangalia tope hilo kwa jicho lingine. Kampala inalikausha na kuliuzia wakulima. Nakuru, huko Kenya, inalifanya makala ya kupikia. Kwa hiyo ulizo linakuja lenyewe: Likasi nayo haiwezi? Inaweza. Lakini Kamatanda si Kampala, na tofauti iko katika udongo wenyewe, ule watu wanakanyaga kila siku.

Mbolea yenye kulala chini ya nyumba

Mutu muzima anatoa kwa mwaka karibu lita 500 za mukojo na karibu kilo 50 za mavi. Ndani yake kuna azoti, fosforo na potasiamu, vitu vilevile vitatu vyenye kuandikwa NPK kwenye mufuko wa mbolea ya duka. Mukulima wa mahindi wa Haut-Katanga anajua bei ya mufuko huo, juu unatoka inchi za inje na kila mupaka wenye unavuka unaongeza kitu. Hata mahindi yenyewe, jimbo linaagiza mengi kutoka Zambia. Kuona mbolea inalala chini ya nyumba wakati shamba linakosa, kunaumiza.

Lakini inafaa kusema kweli tangu mwanzo. Sehemu kubwa ya azoti iko katika mukojo, na katika kabine ya shimo mukojo unaingia udongo na kuelekea maji ya chini. Tope lenye linabaki haliwezi kufanya kazi yote ya NPK. Mafaa yake makubwa ni fosforo, pamoja na ule weusi wa vitu vyenye vimeoza, wenye unashika maji na kulainisha udongo. Udongo mwekundu wa Katanga, wenye asidi na wenye kuchoka upesi, unahitaji sana kitu kama hicho.

Tope la kabine limebeba pia kila ugonjwa wenye ulipita katika matumbo ya wenye nyumba. Mikrobe ya kolera haipendi ukavu. Tope likikauka vizuri, inakufa bila kukawia. Yai la minyoo ya Ascaris ndilo lenye kichwa ngumu. Linaweza kukaa katika udongo miezi na miaka, likisubiri mukono wa mutoto. Shirika la Afya Duniani, OMS, katika maongozi yake ya mwaka wa 2006 juu ya kutumikisha mavi na maji machafu katika kilimo, linasema hivi: kama tope linawekwa tu bila kuongeza kitu, pale joto linapita nyuzi 20 linapaswa kukaa zaidi ya mwaka mumoja, pale baridi iko chini ya nyuzi 20, mwaka mumoja na nusu mpaka miaka miwili. Likasi iko juu, kupita metre 1200, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba watu wanavaa makoti. Mutu mwenye kuchukua mwaka mumoja kuwa kipimo, kwa kufikiri tu kwamba Congo ni inchi ya joto, anaweza kujidanganya yeye na wenye watakula mboga zake.

Kuna njia za kufupisha wakati. Tope likichanganywa na majani, maganda ao unga wa mbao na kupangwa vizuri, linapika lenyewe. Likipita nyuzi 50 kwa juma moja ao zaidi, na kugeuzwa ili kila sehemu ipate joto, mayai yanakufa. Njia ingine ni chokaa. Hapa Likasi ina bahati, juu karieri ya Kakontwe, hapo hapo kwenye muji, imetoa mawe ya chokaa kwa ajili ya viwanda vya madini kwa miaka mingi. Sheria ya Marekani ya mwaka wa 1993 juu ya tope la maji machafu inaomba chokaa ipandishe pH mpaka 12 na ibaki hapo saa mbili, kisha isishuke chini ya 11,5 kwa saa zingine 22. Hiyo inapunguza sana mikrobe na kufukuza nzi. Kwa mayai ya minyoo bado haitoshi: OMS inaomba pH ikae juu ya 9 kwa zaidi ya miezi sita, na tope liwe kavu na katika joto kali.

Na kipwa cha Katanga, kuanza mwezi wa tano mpaka wa tisa, ni mashine ya kukausha yenye hailipishwi umeme. Shida ni miezi ya mvua. Bila paa, kitanda cha kukaushia kinarudia kuwa dimbwi, na kazi ya miezi inaharibika kwa juma moja.

Wenye walitangulia

Kiwanda cha Lubigi, kando ya barabara ya Hoima huko Kampala, kilianza kazi mwaka wa 2014 chini ya shirika la maji la taifa, NWSC. Kilijengwa ili kipokee kila siku metre kibe 400 za tope lenye kuletwa na makamio ya kunyonya, pamoja na metre kibe 5000 za maji machafu ya mabomba. Kwanza vinatolewa vitambaa na plastiki (watu wanatupa kila kitu katika kabine, na kila mwenye pompe anajua hasara yake). Kisha tope linaachwa litulie, linatandikwa juu ya vitanda vya muchanga ili maji yachuje, na linakaa mpaka likauke. Wakulima wanakuja wenyewe kulinunua. Serkali ya muji, KCCA, iliongeza kitu kidogo lakini chenye mafaa: programu ya simu yenye kuitwa Weyonje, yenye kuunganisha mwenye kabine yenye imejaa na mwenye kamio. Mutu akipata kamio kwa urahisi, hatafuti vijana wa usiku.

Kampala hiyohiyo inaonyesha pia hatari iko wapi. Utafiti wenye ulitoka mwaka wa 2016, wenye ulifanywa na watafiti wa Uganda pamoja na taasisi ya afya ya Uswisi Swiss TPH, ulipima vimelea vya tumbo kati ya watu wenye kugusana na maji machafu na tope. Wakulima wa bondeni, wenye kulima kwa maji machafu ya muji, ndio walikuwa wa kwanza: zaidi ya 75 kwa mia walikuwa na vimelea. Wafanyakazi wa kutoa tope, wenye mutu angefikiri ndio wako katika hatari kubwa, walikuwa chini yao. Haishangazi sana. Mufanyakazi mwenye anajua kwamba anabeba uchafu anatafuta buti na kinga ya mikono. Mukulima anaingia katika maji miguu mitupu, juu kwake hayo ni maji tu.

Nakuru ilifuata njia ingine. Wakaaji wengi wa muji huo wanatumikisha kabine za shimo na fosi septiki, hawana bomba. Shirika la maji la muji, NAWASSCO, lilianzisha kazi ya kufanya makala kutokana na tope. Makamio yanamwaga, tope linakaushwa katika nyumba za plastiki zenye kushika joto la jua, linachomwa katika tanuru bila hewa nyingi mpaka likuwe makala. Kisha linasagwa, linachanganywa na unga wa mbao wenye umechomwa vilevile, linashikanishwa kwa molasi ya kiwanda cha sukari, na kuviringishwa kuwa vipande. Hakuna harufu ya kabine, juu moto umemaliza kila kitu chenye uhai. Kwa Katanga, fikira hiyo inapendeza. Makala ya Likasi na Lubumbashi inatoka katika pori la miombo, na wapishi wa makala wanaenda kila mwaka mbali zaidi na barabara.

Si kila mutu mwenye alijaribu alifaulu. Huko Kigali, kampuni Pivot Works ilianza karibu mwaka wa 2015 kukausha tope la kabine na kuliuzia viwanda kuwa kitu cha kuwasha tanuru. Ufundi ulifaulu, lakini kampuni ilifunga kisha miaka michache. Watu wenye wanafikiri kwamba tope litajilipa lenyewe mpaka franka ya mwisho wanapaswa kuikumbuka Kigali. Kuuza mbolea ao makala kunasaidia kulipa sehemu ya gharama. Sehemu ingine ni ya usafi wa muji, na hiyo inalipwa na muji, sawasawa na barabara.

Kitu chenye hakifi

Hapa ndipo Kamatanda inatengana na miji hiyo yote. Mikrobe inakufa, yai la minyoo linakufa, hata harufu inaisha. Shaba haifi. Kobalti, kadmiamu na risasi nazo hazifi. Joto haliziondoi, chokaa haiziondoi, miaka miwili katika shimo haiziondoi. Tope likikauka na kupunguka, kila kilo inabaki na metali nyingi zaidi kuliko mbele, juu maji yameenda na metali zimebaki.

Na metali katika miji ya madini ya Katanga si mambo ya kusikia tu. Mwaka wa 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven huko Ubelgiji, kati yao Célestin Banza Lubaba Nkulu na Benoit Nemery, walitoa matokeo ya vipimo vya mukojo wa wakaaji wa kusini mwa Katanga. Wale wenye kukaa karibu na mine ao viwanda vya kuyeyusha madini, chini ya kilometre 3, walikuwa na kobalti nyingi sana mwilini, kiwango chenye kilikuwa bado hakijaonekana kwa watu wa kawaida, wenye hawafanyi kazi ya kiwanda. Utafiti mwingine wa mwaka wa 2014 ulitafuta kobalti hiyo inapitia wapi. Kwa watu wazima, njia kubwa ni chakula, zaidi sana mboga na vyakula vyenye vinalimwa pale pale. Kwa watoto, vumbi lina sehemu kubwa. Na mwaka wa 2010, watafiti wengine wa Lubumbashi walionyesha kwamba metali za viwanda vya Likasi zimeingia katika maji, majani na samaki wa bonde la juu la Lufira, mpaka kwenye Ziwa Tshangalele.

Kitu chenye kinaingia kinywani kinatoka pia. Mutu mwenye kula mboga za kobalti anapeleka kobalti katika kabine. Muchimbaji mwenye kurudi na vumbi la karieri anaoga, na pale maji ya kuoga yanaingia katika fosi, vumbi linaingia pamoja nayo. Kabine yenyewe imechimbwa katika udongo wenye madini, na kuta zake zinabomoka ndani. Kwa hiyo tope la parseli ya Kamatanda linaweza kuwa safi kwa mikrobe na bado lisifae kwa lengalenga. Kiasi gani cha metali kiko ndani, macho hayaoni na pua haisikii. Ni laboratwari tu ndiyo inaweza kusema, shimo kwa shimo, ao hata kartie kwa kartie.

Hata vitabu vya inje havitoshi hapa. Umoja wa Ulaya una sheria ya mwaka wa 1986 juu ya tope katika mashamba. Inaweka mipaka: shaba isipite kati ya milligramu 1000 na 1750 katika kilo moja ya tope kavu, kadmiamu isipite kati ya 20 na 40, risasi kati ya 750 na 1200. Marekani inakataa tope lenye shaba ya kupita milligramu 4300, na lile linaruhusiwa kuuzwa kwa uhuru halipaswi kupita 1500. Mutu akisoma orodha hizo zote mbili kutoka juu mpaka chini, hataona kobalti. Si kosa la wenye waliziandika; katika miji yao kobalti haikuwa shida ya tope. Likasi ikizichukua vile zilivyo, itapima kila metali isipokuwa ile yenye iko ndani ya mwili wa watu wake.

Daftari la kila shimo

Neno "mupango wa kusimamia mazingira" linaweza kufanya mutu afikiri juu ya ofisi zenye hewa baridi. Lakini Katanga inalijua kuliko majimbo mengi. Hakuna kampuni ya madini yenye kuruhusiwa kuchimba bila kuonyesha uchunguzi wa matokeo kwa mazingira na watu pamoja na mupango wa kuyasimamia, ile karatasi yenye kila mutu wa mine anaita PGES. Kampuni kubwa zinaongeza kanuni ya kimataifa ISO 14001, yenye ilitoka mara ya kwanza mwaka wa 1996. Musingi wake ni mupesi kuelewa: panga, fanya, pima, rekebisha, kisha anza tena. Kile mine inaombwa kufanya kwa mawe yake, muji unaweza kukifanya kwa tope lake.

OMS ilitoa kitabu cha kuongoza kazi hiyo mwaka wa 2015, na kukirekebisha mwaka wa 2022. Kilijaribiwa katika inchi kadhaa, kati yao Uganda. Kinaomba kufuata uchafu hatua kwa hatua, tangu pale mutu anakaa katika kabine mpaka pale mwingine anakula. Kila hatua ina maulizo yaleyale: nani anagusa, nini inaweza kwenda vibaya, nini inazuia, nani anahakikisha, na wanafanya nini siku kizuizi kimeshindwa.

Katika Kamatanda, hatua ya kwanza haingekuwa kiwanda. Ingekuwa daftari. Kila shimo lenye kutolewa linaandikwa: avenyu gani, siku gani, nani alitoa, kiasi gani, na je, maji ya kuoshea mawe ao nguo za karieri yanaingia ndani. Parseli zenye watu wanaosha ao kusaga mawe ya madini, tope lao linawekwa kando tangu mwanzo, halichanganywi na la wengine. Jambo hilo pekee linaokoa feza nyingi. Tope chafu la parseli moja likiingia katika kamio ya parseli kumi, sasa ni parseli kumi ndizo chafu. Wasweden wana utaratibu wa cheti juu ya tope la maji machafu, wenye kuitwa REVAQ, tangu mwaka wa 2008, na nguvu yake kubwa iko hapo: kuzuia metali kule zinapoingia, kabla hazijafika kwenye tope.

Kisha kuna wenye kutoa. Leo wanafanya kazi gizani, bila buti, na shimo la zamani linaweza kuwaua kwa hewa yake mbaya mbele mutu wa juu hajajua. Mupango wenye unawaacha inje utashindwa siku ya kwanza, juu wao ndio wanajua mashimo yote. Wakipewa kibali, kinga, chanjo na mahali palipo wazi pa kumwaga, hawatakuwa na sababu ya kutafuta usiku. Bei ya kumwaga mahali pa halali nayo inapaswa kuwa ndogo kuliko hatari ya kumwaga mutoni. Miji mingi imejenga kiwanda kizuri, ikaweka bei ya juu mulangoni, na kushangaa kuona makamio hayafiki.

Mahali pa kukaushia, kila rundo linapata tarehe yake na halichanganywi na rundo la mwezi mwingine. Joto lake linapimwa, pH yake inapimwa, mayai ya minyoo yanahesabiwa: OMS inaomba yasipite yai moja katika gramu ya tope kavu. Sampuli inaenda laboratwari kwa ajili ya shaba, kobalti, kadmiamu, risasi, urani pia, juu mutu hawezi kusahau kwamba Shinkolobwe iko jirani. Lubumbashi iko karibu kilometre 120 na ina chuo kikuu chenye kimepima metali katika damu, mukojo, samaki na mboga. Rundo lenye halijapata jibu halitoki. Hiyo ndiyo sehemu ngumu zaidi ya mupango wote, juu siku mukulima anasimama na kamio yake na feza mukononi, kuna mutu mumoja mwenye anapaswa kuwa na uwezo wa kusema hapana, na bosi wake asimufukuze.

Kurudisha mahali palipochimbwa

Kama vipimo vinakuwa vizuri, tope linaweza kwenda kwa mahindi ao miti ya matunda, mbali na mboga zenye kuliwa mbichi. Kama vinakuwa vibaya, wengi watasema litupwe. Lakini kuna mahali pa tatu, na Kamatanda inapo kwa wingi: udongo wenye umekufa.

Katika Lubumbashi, kartie ya Penga Penga iliachiwa na moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba udongo wenye sumu mpaka majani hayakuota. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kati yao Mylor Shutcha, walijaribu kupanda pale majani ya asili ya Katanga yenye kuvumilia shaba. Waliongeza vitu viwili katika udongo: chokaa na mboji. Matokeo yao ya mwaka wa 2010 yalionyesha kwamba majani yanaweza kushika. Kazi ya majani hayo si kuondoa metali. Ni kuzifunga pale ziko, ili upepo usizibebe mpaka katika nyumba na mvua isizishushe mutoni. Chokaa inasaidia kwa sababu pH ikipanda, metali nyingi zinashikamana na udongo na mizizi haizinywi kwa urahisi.

Marekani ilifanya kitu cha kufanana kwa ukubwa. Huko Palmerton, Pennsylvania, kiwanda cha zinki kilikuwa kimeua miti ya mulima muzima, na huko Leadville, Colorado, mabaki ya mine yalikuwa yamefunika kandokando za muto Arkansas. Katika sehemu zote mbili, kati ya vitu vyenye vilirudisha majani ni tope la maji machafu lenye lilisafishwa, pamoja na chokaa ao majivu. Mahali hapo hakuna mutu mwenye alikusudia kulima mboga, kwa hiyo metali kidogo zenye tope lilileta hazikuongeza kitu kikubwa juu ya zile zilikuwa pale tayari.

Kwa Likasi, hesabu hiyo ina maana. Chokaa iko Kakontwe. Tope liko chini ya kila parseli ya Kamatanda, Kikula na Panda. Mabaki ya madini yenye kutoa vumbi wakati wa kipwa hayako mbali. Njia ya makala nayo inabaki wazi, lakini kwa sharti moja lenye Nakuru haina: moto unaondoa mikrobe, hauondoi metali zote, na nyingi zinabaki katika majivu. Mama mwenye kumwaga majivu ya jiko katika bustani yake, kama vile mama wengi wa Katanga wanafanya, angekuwa anarudisha kobalti katika mboga kwa mulango wa nyuma.

Nani alipe

REGIDESO inauza maji. Tope la kabine si kazi yake. Sheria ya mwaka wa 2008 juu ya maeneo yenye kujiongoza inaweka usafi kati ya kazi za muji na komini. Likasi ina komini ine: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Kwa hiyo ulizo la nani ana daraka halina kivuli. Ulizo la feza ndilo gumu.

Lakini Likasi si muji wenye hauna chanzo chochote. Sheria ya madini yenye ilirekebishwa mwaka wa 2018 inaomba kampuni zilipe redevansi ya 3,5 kwa mia juu ya shaba, na 10 kwa mia juu ya kobalti tangu ilipoitwa madini ya pekee. Katika feza hiyo, 15 kwa mia inapaswa kuenda kwa eneo lenye kujiongoza kule mine iko. Kampuni hizohizo zinapaswa pia kutoa 0,3 kwa mia ya mauzo yao kwa ajili ya maendeleo ya wakaaji. Feza hizo zinajenga masomo, masoko na barabara, vitu vyenye kukatiwa utepe mbele ya kamera. Hakuna burgumestre mwenye amekwisha kupata kura kwa sababu ya kitanda cha kukaushia mavi, na pengine hilo linaeleza mengi kuliko ukosefu wa feza.

Kuanza hakuombi feza ya kiwanda. Mashimo makumi tatu yenye kuchaguliwa kwa akili, mengine karibu na karieri, mengine mbali nayo, mengine katika kartie za zamani za wafanyakazi wa Gécamines. Sampuli ya kila moja. Namba ya kobalti na ya shaba imeandikwa pembeni ya jina la avenyu. Kazi hiyo inafanyika vizuri mwisho wa kipwa, wakati mashimo yako makavu na vijana wa ndoo wana kazi nyingi. Kisha mvua zinaanza, maji yanapanda katika udongo wa Kamatanda, na mashimo yanajaa yenyewe.